Joto la Mwili, Kupooza na Maana ya Nafuu katika Njia ya Misafara ya Tabora, 1857–1873

1.0 Utangulizi

Tarehe 18 Januari 1858, katika kijiji ambacho Richard Burton alikiandika kwa jina la Kajjanjeri, magharibi mwa Tabora, msafiri huyo alishikwa na maumivu yenye kuungua yaliyoanzia miguuni na kupanda juu. Hakupita muda mrefu miguu ikakataa kumchukua na mikono ikafa ganzi. Aliitwa mjuzi mmoja wa tiba za nchi, ambaye Burton anamtaja kwa neno "Fundi" tu. Fundi alisema kwamba mgonjwa amedhurika kwa sumu ya uyoga, akampa dawa zilizozoeleka, nazo hazikufaa kitu. Hata hivyo alitabiri kwamba baada ya siku kumi mgonjwa ataweza kusafiri. Siku ya kumi Burton alipanda punda wake na msafara ukaendelea kuelekea Ujiji.

Wanahistoria wa safari hiyo wameitumia habari hii, kwa kawaida, kama kipimo cha uvumilivu wa Mzungu. Makala haya yanaisoma kwa namna nyingine. Yanadai kwamba katika njia ya misafara neno "nafuu" lilikuwa na kipimo chake, nacho ni uwezo wa kurudi njiani. Na kwamba bila kukitambua kipimo hicho hatuwezi kumtendea haki Fundi wala kuzisoma sawasawa kumbukumbu za maradhi za wakati huo.

2.0 Tahadhari kuhusu utambuzi wa ugonjwa

Msomaji wa leo anaweza kushawishika kuuita ugonjwa wa Burton kiharusi, hasa kwa kuwa uhusiano wa joto la mwili na kupona kwa wagonjwa wa kiharusi sasa umethibitishwa. Utafiti wa Copenhagen uliochapishwa mwaka 1996 katika jarida la Lancet, uliohusu wagonjwa 390, ulionesha kwamba kadiri joto la mgonjwa lilivyokuwa juu wakati wa kulazwa, ndivyo ugonjwa ulivyokuwa mkali zaidi, sehemu ya ubongo iliyoathirika kubwa zaidi, na matokeo mabaya zaidi.

Ushawishi huo yafaa kuupinga. Dalili zilizoandikwa zilikuwa katika miguu yote miwili na mikono yote miwili, ilhali kiharusi aghalabu hushika upande mmoja wa mwili. Burton mwenyewe aliamini kwamba kupooza kwake kulisababishwa na homa za malaria. Sisi hatuna ushahidi wa kuamua kati yake na Fundi. Tunachoweza kuchunguza ni jinsi kila mmoja alivyopima mwenendo wa ugonjwa.

3.0 Vipimajoto visivyopima mwili

Msafara wa Burton na John Hanning Speke, uliofika Kazeh, katika eneo la Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, ulikuwa na vipimajoto. Speke alivitumia kupima joto la maji yanayochemka ili kukadiria kimo cha nchi kutoka usawa wa bahari. Kupima joto la mgonjwa kitandani hakukuwa bado desturi ya matabibu hata huko Ulaya. Kipimajoto kifupi cha kitabibu kilibuniwa na Thomas Clifford Allbutt mnamo 1866, na kitabu cha Carl Wunderlich kuhusu joto la mwili katika maradhi kilitoka mwaka 1868. Kwa hiyo mwaka 1858 homa ilijulikana kwa mkono juu ya paji la uso, kwa kutetemeka, kwa kiu na kwa weweseko. Katika jambo hili Mzungu na Mnyamwezi walikuwa na nyenzo zilezile.

Lugha nayo ilikuwa nyenzo. Oktoba 1858, wakati wa kurudi pwani, Speke aliugua vibaya mahali paitwapo Hanga. Ugonjwa wenyewe Burton aliuandika "kichyoma-chyoma", akaufasiri kuwa "vyuma vidogo". Fasiri hiyo inatia shaka. Umbo la neno linaelekea zaidi kwenye kitenzi -choma, chenye maana mbili, kudunga na kuunguza, kitenzi kilekile tunachokiona katika "kichomi" cha leo. Speke mwenyewe, maumivu yalipompungua, alisema habari ya visu vilivyorudishwa alani. Kama usomaji wetu ni sahihi, neno moja la Kiswahili lilikusanya pamoja maumivu na joto, mambo mawili ambayo utabibu wa baadaye uliyatenganisha.

4.0 Nafuu ya njiani na kupona kwa mwili

Turejee kwa Fundi. Burton anakiri kwamba utabiri wa siku kumi ulitimia. Papo hapo anaeleza kwamba kwa karibu mwaka mzima hakuweza kutembea mwendo mrefu, na kwamba ganzi ya mikono na miguu ilichelewa zaidi kuondoka. Maelezo haya mawili hayapingani. Fundi alijibu swali la msafara: mgonjwa ataondoka lini? Burton alijibu swali la mwili wake: nitarudi lini kuwa kama nilivyokuwa? Kiswahili kinazitenga hali hizi vizuri, kwani mtu hupata nafuu kabla ya kupona.

Swali la msafara halikuwa la kinadharia. Chakula, maji na hongo vilihesabiwa kwa siku, na kila siku ya kukaa ilikuwa gharama. Burton alipata punda na, palipohitajika, machila. Mpagazi hakuwa na vitu hivyo. Katika safari hiyohiyo walikutana na msafara ulioshuka pwani ukiwa umepoteza kiasi cha watu hamsini kwa ndui. Wagonjwa walijikokota nyuma, na vijiji havikuwapokea. Kwao, tofauti kati ya kupata nafuu na kutoipata ilikuwa tofauti kati ya kufuatana na wenzao na kuachwa.

Wala elimu ya udaktari haikuwa kinga. Mwaka 1873 msafara wa Verney Lovett Cameron ulilemewa na homa huko Kwihara, karibu na Tabora. W. E. Dillon, daktari wa msafara huo, alijitoa uhai Novemba mwaka huo akiwa katika weweseko la homa, baada ya kuanza safari ya kurudi pwani pamoja na mwili wa Livingstone.

5.0 Hitimisho

Fundi wa Kajjanjeri alikosea dawa, na pengine alikosea chanzo cha ugonjwa. Lakini mwenendo wake aliutabiri kwa usahihi, bila kipimajoto. Usahihi huo ulitokana na kuwaona wagonjwa wengi katika njia ambayo kila mmoja alitazamwa kwa swali lilelile. Jina lake halikuandikwa, na majina ya wapagazi waliopooza wakaachwa hayakuandikwa pia. Kwa sababu hiyo, mtafiti anayesoma katika kumbukumbu hizi kwamba mgonjwa "alipona" anapaswa kwanza kuuliza: alipona kwa kipimo cha nani, na nani alimbeba hadi hapo?