Modemu kwenye waya wenye makelele

Kwa miongo mingi, simu za mitaa ya kando ya Barabara ya Jogoo, Eastlands jijini Nairobi, zilitegemea waya za shaba. Mikwaruzo haikuwazuia watu kuzungumza, kwa kuwa sikio hujazia lililokosekana. Kompyuta haiwezi: biti moja ikigeuka, programu nzima huenda ikaharibika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, barua pepe za mashirika ya kijamii jijini zilipitia kituo cha Fido, mtandao wa kompyuta zilizopigiana simu, katika shirika la mazingira la ELCI. Jijini London, Karen Banks wa shirika la GreenNet aliendesha lango lililobadilishana barua na vituo vya Afrika kwa simu. Dakika za kimataifa zilikuwa ghali. Ndiyo maana Zmodem, itifaki ya kutuma faili aliyoitunga Chuck Forsberg mwaka 1986, ilithaminiwa sana: laini ikikatika, faili liliendelea pale lilipoishia.

Mwaka 1988 CCITT, kamati ya kimataifa ya simu, ilitoa kanuni ya V.42, na ukaguzi wa makosa ukaingia ndani ya modemu yenyewe, kifaa kinachopitisha data ya kompyuta kwenye laini ya simu. Modemu inayotuma hukata data vipande, kwa kawaida visivyozidi baiti 128. Kila kipande hupewa namba, kisha hupigiwa hesabu ya kugawanya, na baki la biti 16 hubandikwa mwishoni. Inayopokea hurudia hesabu hiyo. Ikilingana, hujibu kwamba kimefika. Ikitofautiana, hukitupa na kutaka kitumwe tena. Modemu inayotuma haifuti nakala mpaka ipate jibu, ila huweza kutanguliza vipande hadi 15 ili laini isikae bure.

Africa Online na wenzake walipoanza kuuza intaneti Nairobi katikati ya miaka ya 1990, wateja waliingia kwa njia hiyo hiyo ya simu. Maji ya mvua yakipenya kwenye maungio ya waya, vipande vingi vilirudiwa. Barua ilichelewa, lakini ilifika nzima.

Nyaya za intaneti za baharini, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa mwaka 2009. Hata hivyo, simu za leo bado huhesabu vipande, huvikagua na kuvirudia. Wakenya walianza kuandikiana na dunia kabla ya kupata waya nzuri, kwa sababu wahandisi walikubali mapema kwamba makosa yatatokea, wakaweka utaratibu wa kuyasahihisha.