Montreux: tamasha la jazi lililofungulia mlango kila muziki

Ukisikia neno "jazi", huenda unazikumbuka Morogoro Jazz na Tabora Jazz, bendi za muziki wa dansi. Jazi yenyewe ilianzishwa na Wamarekani weusi, hasa mjini New Orleans. Mpigaji wake hubuni sehemu ya muziki palepale jukwaani.

Tamasha la Montreux, Uswisi, hufanyika kila Julai, majira ya joto Ulaya, kando ya Ziwa Geneva. Claude Nobs na wenzake wawili walilianzisha mwaka 1967, likiwa la siku tatu. Sasa huchukua takriban wiki mbili.

Mwanzoni jazi ndiyo ilitawala: Bill Evans alipiga piano mwaka 1968, Ella Fitzgerald akaimba 1969. Miaka ya 1970 roki, soul na muziki wa Brazil vikaingia. Wengine huuliza: je, jazi haimezwi? Wengine hujibu kwamba aliyefuata roki huondoka ameonja na jazi.

Julai 1991, mpiga tarumbeta Miles Davis alirudia hapo muziki wake wa zamani, Quincy Jones akiongoza okestra. Septemba akafariki. Usiku ule ulirekodiwa, na mwaka 2013 UNESCO iliingiza rekodi za tamasha hilo katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia.