Umbizo, kasha na kodeki: kutaja faili la seva ya video

Umbizo (nomino, ngeli ya LI-YA, wingi: maumbizo) ni mpangilio unaofuatwa katika kuhifadhi data ndani ya faili ili programu au mtambo mwingine uweze kulisoma. Neno limejengwa juu ya kitenzi *umba*, kilekile kilichozaa *umbo*. Ila umbo huonekana kwa macho, ilhali umbizo ni kanuni ya ndani. Katika barua na picha za kawaida neno hili halisumbui. Utata huanza katika kituo cha televisheni, mbele ya seva ya video, yaani mtambo unaohifadhi vipindi na matangazo ya biashara na kuyarusha hewani kwa saa iliyopangwa.

Fundi akisema *Seva yetu inapokea MXF*, ametaja nusu tu ya jambo. MXF, ambayo shirika la SMPTE liliitolea kiwango mwaka 2004, ni kasha: hubeba picha, sauti, alama za saa na maelezo ya kipindi, lakini jina lake halielezi jinsi picha ilivyobanwa. Ubanaji ni kazi ya kodeki. Ndani ya MXF mnaweza kuwa na MPEG-2 ya megabiti 50 kwa sekunde, kama ilivyo katika XDCAM HD422. Mnaweza pia kuwa na AVC-Intra au DNxHD. Kasha la MOV, lililobuniwa na Apple, hubeba ProRes mara nyingi, ingawa si hiyo pekee. Kwa hiyo mafaili mawili yenye kiishio kilekile yanaweza kuletwa kituoni, seva ikalipokea moja na kulikataa la pili. Baya zaidi ni pale linapopokelewa bila kulalamika, kisha saa ya kurushwa ikifika sauti isikike na kioo kibaki cheusi.

Kasha lenyewe nalo lina namna zake. Katika MXF ya namna ya OP1a, picha na sauti hukaa pamoja katika faili moja. Katika OP-Atom kila kimoja huwa na faili lake, jambo linalomfaa mhariri kuliko mrushaji. Huongezwa pia idadi ya fremu. Televisheni ya Afrika Mashariki hufuata fremu 25 kwa sekunde, ilhali ya Marekani hufuata 29.97, na faili lenye kasha na kodeki sahihi bado linaweza kukwama hapo.

Vituo vikuu vya Uingereza vilipohamia kupokea vipindi vya ubora wa juu kwa njia ya faili mwaka 2014, havikutosheka na kuandika "MXF". Masharti yao yalitaja MXF ya OP1a, AVC-Intra ya daraja la 100, fremu 25, hata mpangilio wa njia za sauti. Huo ndio ukamilifu unaotakiwa katika waraka wowote wa Kiswahili wa aina hii. Iandikwe: *Seva inapokea mafaili ya MXF (OP1a) yenye picha ya MPEG-2 ya megabiti 50 kwa sekunde, fremu 25.* Ni sentensi ndefu, lakini mtayarishaji aliye mbali hahitaji kupiga simu kuuliza.

Faili husikika katika ngeli mbili: *faili hili, mafaili haya* na *faili hii, faili hizi*. Zote zinaeleweka, kisichofaa ni kuzichanganya katika waraka mmoja.

Kitenzi umbiza kinahitaji tahadhari kubwa zaidi. *Kuumbiza diski* ni kuiandaa upya, na yaliyomo hupotea. Agizo *Umbiza upya vipindi vya jioni* halina budi kuepukwa, kwa kuwa mpokeaji akilielekeza kwenye diski atafuta vipindi vyote badala ya kuvigeuza. Kuna vitenzi viwili salama, navyo havilingani. *Kubadili kasha* ni kuhamisha picha na sauti kama zilivyo, kutoka MOV hadi MXF kwa mfano. Kazi huwa ya haraka na ubora haupungui. *Kusimba upya* ni kuifungua picha na kuibana kwa kodeki nyingine. Huchukua muda, na kwa kodeki nyingi za utangazaji kila mara hupunguza kitu kisichorudi.