Muungo: kwa nini harmonie isiitwe ulinganifu

Kijitabu kidogo cha istilahi za muziki kinapita siku hizi mikononi mwa walimu wa korali wa huku Kongo, kutoka Fizi hadi Baraka. Sehemu yake ya noti na mapigo ni safi, na ile ya kuvuta pumzi ningependa kila mwimbaji aisome. Lakini ukifika pale sauti zinapokutana, waandishi wake wameamua kwamba harmonie, neno ambalo wapiga gitare wa huku wamelizoea kwa Kifaransa, kwa Kiswahili liwe "ulinganifu wa sauti". Chini yake, kwa herufi ndogo, wameongeza "au upatanifu". Hakuna maelezo. Naandika kwa sababu neno hilo ni kosa, na kwa sababu lipo neno bora ambalo nililipeleka kwenye kikao cha kamati yao likaachwa bila mimi kupewa nafasi ya kulitetea.

Kulingana ni kuwa sawa. Watoto wawili wamelingana kimo. Bei ya muhogo imelingana Mboko na Baraka. Katika hesabu, umbo lina ulinganifu ikiwa ukilikunja katikati nusu moja inalala barabara juu ya nyingine. Sasa nielezwe ni kitu gani kinacholingana pale soprano inaposhika sol, alto ikashika mi, na basi ikakaa kwenye do ya chini. Hazilingani kimo, hazilingani rangi, na mara nyingi hata maneno hayaendi pamoja, kwa kuwa basi hutangulia au huchelewa makusudi. Wote wakishika do moja, hapo ulinganifu upo, na hapo hapo harmonie haipo. Kijitabu kimechukua jina la hali ya korali kabla ya kugawiwa sauti, kikaipa hali inayofuata baada ya kugawiwa.

"Upatanifu" una kasoro ya namna nyingine. Shuleni tumefundishwa upatanisho wa kisarufi: kitabu kile kipya kimepotea. Kila neno limevaa ki-, na sentensi imesimama kwa sababu wote wamevaa vazi moja. Kanisani, upatanisho ni wa mtu na Mungu wake. Na nje ya shule na kanisa, mtu wa Fizi amelisikia neno hili redioni tangu mkataba wa amani wa Lusaka mwaka 1999, halafu Sun City, halafu Goma mwaka 2008, halafu Addis Ababa mwaka 2013. Kifaransa kinasema accord kwa mkataba wa amani na accord kwa noti tatu zilizopigwa pamoja, na nadhani waandishi wetu walinaswa hapo: wametafsiri neno la magazeti wakidhani wametafsiri neno la muziki. Anayepanga sauti za wimbo ataitwaje basi? Mpatanishi? Huku kwetu mpatanishi ni mtu anayeshuka kwenye helikopta akiwa na faili mkononi.

Mpinzani ninayemheshimu ni "uwiano". Wenye kulitetea wana hoja. Ukiugawa uzi katikati, sauti inapanda oktava, yaani 2 kwa 1. Ukiacha theluthi mbili zake zilie, unapata ya tano, 3 kwa 2. Robo tatu zinakupa ya nne, 4 kwa 3. Haya yamefungamanishwa na jina la Pythagoras tangu zamani, na kweli ni mambo ya uwiano. Neno lenyewe ni tamu ukilichimba. Kuwia ni kumdai mtu. Mwia ndiye mdai, mwiwa ndiye mdaiwa. Kuwiana ni kudaiana, kila mmoja akiwa na fungu lake kwa mwenzake. Lakini uwiano ni kipimo kati ya sauti mbili. Unasema umbali wao ni upi. Hausemi zimefanywa nini ili zikae pamoja. Nakubali uwiano ubaki kwenye ukurasa wa vipimo, na usitoke hapo.

Twende kwenye asili, kwa kuwa wanakamati wengi hupenda kuanza na kamusi ya Kifaransa na kuishia hapo. Harmonie limetoka kwa Kigiriki, harmonia, na kabla halijawa la muziki lilikuwa la useremala. Harmos ni kiungo, mahali vitu viwili vinaposhikana. Katika Odyssey, kitabu cha tano, Odysseus anapojiundia chombo cha kumtoa kisiwani kwa Calypso, mbao zinashikwa kwa misumari ya mti na kwa harmoniai. Baadaye wapiga kinubi wakalichukua neno hilo kwa namna nyuzi zinavyokazwa, halafu kwa aina za ngazi za sauti, zile wanazoziita modi: Kidoria, Kifrigia na nyinginezo. Maana ya sauti kadhaa kulia kwa pamoja ilikuja mwisho kabisa, huko Ulaya. Basi neno lilipita kutoka karakana kwenda kwenye nyuzi, kutoka nyuzi kwenda kwenye modi, na kutoka modi kwenda kwenye korali, bila kuacha maana yake ya kwanza.

Wala hilo si jambo la Wagiriki peke yao. Kanuni, chombo kile cha nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani katika taarabu ya Zanzibar, ambako Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905, jina lake limepitia Kiarabu kutoka kwa kanon ya Kigiriki: fito iliyonyooka, rula ya fundi. Rula hiyo ikawa jina la ubao wa kupimia uzi, ikawa chombo cha muziki, na kwetu ikawa pia sheria. Na maqam, neno la Kiarabu la modi, ni mahali pa kusimama. Ndilo lililotupa makamu, anayesimama mahali pa mwingine. Ningependa siku moja modi ziitwe makamu bila mtu kufikiria ofisi ya rais, lakini hiyo ni makala nyingine. Ninachosema hapa ni kwamba maneno ya muziki yenye maisha marefu yametoka kwa vitu vinavyoshikwa: fito, kigingi, mahali pa mguu. "Ulinganifu" umetoka kwenye meza ya mkutano.

Fundi wa useremala huo yupo Baraka, ufukweni, mbele ya ghuba inayofungwa na rasi ya Ubwari. Anaunda mtumbwi wa mbao. Analeta ubao wa ubavuni, anauweka juu ya uliotangulia, anainama kutazama mwanga unapita wapi. Anautoa, anapiga randa mahali pale tu, anaurudisha. Hatumii kipimo cha tepu. Ubao wa chini ndio kipimo. Mbao mbili za mtumbwi hazilingani hata kidogo: moja imepinda zaidi, nyingine ni nene upande wa mkuku. Zikishashikana, ule upenyo mwembamba uliobaki unajazwa pamba iliyolowa mafuta ya mawese, na chombo kinakwenda Kigoma na watu. Muulize anafanya nini. Atakwambia anaunga mbao.

Neno ninalolipendekeza ni hilo: kuunga, na jina lake muungo, wingi miungo. Halijaundwa kwa nguvu. Kufuma kumetupa mfumo, kushona kumetupa mshono, kuchora mchoro, kupanga mpango. Ndugu yake wa karibu kabisa ni muundo. Kuunda kulisemwa hasa kwa vyombo vya majini, na leo kila ofisi kuanzia Uvira hadi Dar es Salaam ina "muundo" wake wala hakuna aliyelalamika kwamba neno linanuka samaki. Kama muundo umeruhusiwa kutoka ufukweni na kuingia ofisini, muungo nao uruhusiwe kuingia kanisani.

Tazama pia kuunga kunavyofanya kazi kila siku. Mganga anaunga mfupa. Mama anaunga mchuzi, na anachoungia kinaitwa kiungo. Mtu anaungwa mkono. Katika yote hayo kinachoungwa hakigeuki kuwa kile kingine: kitunguu hakiwi nyama, mfupa hauwi ubao wa kuufungia. Hiyo ndiyo hasa maana tunayoitafuta. Na familia inajaa yenyewe, jambo ambalo kwa mtu wa istilahi ndilo jaribio kubwa kuliko yote. Noti tatu zinazopigwa pamoja ni kiungo cha sauti, wala hatuhitaji tena lile "kodi" la vitabu vingine, ambalo kwa mtu anayepita vizuizi vya barabara ya Uvira lina maana moja tu. Anayezipanga sauti ni muungaji. Mahali wimbo unapofungia mstari kwa viungo viwili vya mwisho ni maungio. Upatanifu hauzai hata nusu ya watoto hawa, na wale unaowazaa tayari wana kazi nyingine.

Nililitoa neno hili katika kikao, na mjumbe mmoja akasema waimbaji watacheka kwa sababu linafanana na "Mungu". Sikupewa nafasi ya kujibu, najibu hapa. Mungu ni neno la silabi mbili, Mu-ngu, na mkazo uko mwanzoni. Muungo ni silabi tatu, mu-u-ngo, na mkazo unaangukia ile u ya katikati. Anayeweza kutofautisha kata na kataa, au choo na cho, ataweza. Mjumbe mwingine alisema neno lisubiri hadi wenye lugha wa pwani walikubali. Hilo liliniuma zaidi, nami sioni sababu ya kulificha. Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 iliundwa kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Kongo haikuwa na kiti. Leo katiba yetu ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa. Watu wanaoimba sauti tatu kila Jumapili, wenye mafundi wa mitumbwi mlangoni pao, wanangoja ruhusa ya nani? Korali za watu wa Fizi zimeimba hata ng'ambo ya ziwa, katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996. Neno likishika huku, litavuka lenyewe.

Wapo wanaodai kwamba ulinganifu si neno la kutupwa. Nakubaliana nao kabisa, na nina kazi ya kulipa. Siku hizi walimu wengi wana programu ya simu yenye mshale: unapiga uzi, mshale unayumba, ukisimama katikati rangi inageuka kijani. Simu hiyo inaigawa oktava katika nusu-toni 12 zilizo sawa kabisa, kila moja senti 100, kwa kuanzia na la ya mitetemo 440 kwa sekunde. Huo ni ulinganifu halisi. Neno limepata mwenyewe. Lakini iweke simu hiyo mbele ya alto wanaoimba bila chombo chochote. Ya tatu ya simu iko senti 400 juu ya do. Ya tatu ambayo sikio huielekea, ya 5 kwa 4, iko karibu senti 386. Alto wakiimba vizuri, wakaisikiliza basi na kutulia juu yake, mshale utalala kushoto na kuwaambia wamekosea. Nimeona mwalimu akiwapandisha hadi rangi ikawa kijani, na sauti iliyokuwa imetulia ikaanza kutikisika ndani yake, yale mawimbi madogo yanayosikika sauti mbili zikikaribiana bila kushikana. Alikuwa amezilinganisha. Alikuwa amezifungua zilipoungana. Kijitabu kinachofundisha kwamba hayo mawili ni neno moja kitatoa walimu wengi wa namna hiyo.

Gitare zinasema vilevile. Katika rumba, ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi mwezi Desemba 2021, solo, mi-solo na akompa hazipigi kitu kimoja hata kwa bahati. Mi-solo inapita pale solo ilipoacha nafasi, akompa inashika chini yao, na ukiondoa moja kati ya hizo tatu unasikia mwanga ukipita katikati ya mbao.

Matumizi, kwa kifupi: korali inaimba kwa muungo wa sauti tatu, mpiga gitare anabadilisha kiungo, mwalimu anaunga wimbo kabla ya kuugawa, nusu-toni za piano zina ulinganifu, kati ya do na sol kuna uwiano wa 3 kwa 2. Anayetaka kuendelea kusema harmonie kwenye mazoezi aendelee, hakuna atakayepoteza noti kwa hilo. Kijitabu kikichapishwa tena, ukurasa ule ubadilishwe.