Kabla ya kuuliza "tule wapi?", uliza nani aliruhusiwa kukaa

Wasee, wiki mbili zilizopita binamu yangu anayefanya kazi Jacksonville, kule Florida, alinitumia sauti kwa WhatsApp. Yeye na marafiki zake wanne wamepata wikendi moja ya kupumzika, na wanataka kwenda St. Augustine, mji wa pwani ulio kama kilomita 60 kusini mwao.

"We si ndio unajifanya mtaalamu wa chakula huko mtandaoni? Basi nitafutie mahali tutakula. Na usinipeleke mahali pa kuibiwa."

Nikamwambia dadangu, tulia, hiyo ni kazi ya nusu saa. Nilimaliza baada ya siku tatu, na hiyo orodha ikageuka kuwa posti hii mnayosoma. Niseme mapema: sijakanyaga Florida na sijaonja hizo sahani. Lakini historia ya mji haihitaji visa, na hii ya St. Augustine imenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Tuanze na umri. St. Augustine ilianzishwa na Wahispania mwaka wa 1565, na ndiyo makazi ya Wazungu yaliyodumu muda mrefu zaidi bila kukatika katika Marekani bara, ukiacha visiwa vyake. Tarehe 8 Septemba mwaka huo, Pedro Menéndez de Avilés alishuka melini na watu wake, wakafanya misa, kisha wakala pamoja na wenyeji wa hapo, Watimucua. Ile hadithi ya sikukuu ya shukrani ambayo Wamarekani hutuonyesha kwenye sinema, ya mahujaji na bata mzinga, ni ya 1621. Hapa watu walikuwa wameshakula pamoja miaka 56 mapema, na chakula cha wageni kilikuwa cha melini: nyama ya nguruwe ya chumvi na mikate mikavu.

Sasa shika hii. Mfalme aliyekuwa nyuma ya Menéndez ni Felipe wa Pili wa Uhispania. Kuanzia 1580 Felipe akawa mfalme wa Ureno pia. Na mwaka wa 1593 Wareno walianza kujenga nini Mombasa? Fort Jesus. Manze, tarehe hiyo tuliikariri darasani hadi ikatoka na jasho, lakini hakuna aliyetuambia kwamba bosi wa juu wa ile ngome ndiye bosi wa juu wa mji mmoja huko Florida. Hata kuta zinafanana kwa asili. Fort Jesus imekaa kwenye mawe ya matumbawe, na ngome ya St. Augustine, Castillo de San Marcos, iliyoanza kujengwa 1672, ni ya jiwe linaloitwa coquina, yaani magamba ya kome yaliyoshikamana chini ya ardhi mpaka yakawa jiwe. Pwani mbili, bahari mbili, mfalme mmoja.

Halafu kuna Waafrika. Mwaka wa 1738, kaskazini kidogo ya mji, gavana wa Kihispania aliwapa watu weusi waliotoroka utumwa wa Waingereza mahali pao pa kuishi, Fort Mose. Sharti lilikuwa wawe Wakatoliki na wasaidie kulinda mji. Kiongozi wao alikuwa Francisco Menéndez, mtu aliyezaliwa Afrika Magharibi, akauzwa, akatoroka, akawa kapteni wa wanamgambo. Wanaakiolojia walipochimba pale walikuta mabaki ya samaki na magamba, kumaanisha watu wale walikula kile ambacho maji ya karibu yaliwapa. Miaka zaidi ya mia moja kabla ya utumwa kupigwa marufuku Marekani, Mwafrika aliyekuwa huru aliketi hapo na familia yake, akala samaki wake bila kumwomba mtu ruhusa. Kumbuka picha hiyo, tutarudi.

Sahani ambayo kila mtu mjini atakuelekeza ilifika baadaye kidogo. Mwaka wa 1768 daktari mmoja Mskoti, Andrew Turnbull, alileta watu zaidi ya elfu moja kutoka kisiwa cha Minorca, Italia na Ugiriki, walime nili huko New Smyrna. Walifungwa kwa mikataba ya kazi. Njaa na malaria vikawaua kwa mamia. Mwaka wa 1777 waliobaki wakasema basi, wakaondoka, wakasafiri zaidi ya kilomita 100 kuelekea kaskazini hadi St. Augustine. Vizazi vyao wako hapo mpaka leo.

Na wanapika nini? Pilau. Sitanii. Wanaitamka kwa njia yao, lakini ukiisoma kwenye menyu ni pilau: wali uliopikwa na nyanya, vitunguu na kamba au nyama, chungu kimoja. Neno lenyewe lilianza safari Uajemi na nchi za karibu. Upande mmoja likapita Bahari ya Hindi hadi kwa mamako, upande mwingine likavuka Atlantiki hadi Florida. Hawatii bizari yetu ya pilau, lakini wanatia datil, pilipili ndogo ya njano iliyo jamaa ya karibu ya pilipili mbuzi yetu. Ni kali vilevile, ila ina utamu fulani wa tunda. Hiyohiyo datil ndiyo inaingia kwenye supu yao nzito nyekundu ya kome na nyanya.

Hapo ndipo nilitaka kufunga kazi. Pilau, supu, kamba wa kukaanga, nitumie orodha, nilale. Halafu nikauliza swali moja ambalo siku hizi siwezi kuliacha: hivi viti, nani alikuwa anakalia?

Jibu ni hili. Tarehe 18 Julai 1963 vijana weusi waliingia Woolworth, duka kubwa la katikati ya mji, wakakaa kwenye kaunta ya chakula iliyokuwa ya wazungu pekee. Dukani walikuwa wanaruhusiwa kununua daftari na sabuni. Kukaa na kuagiza hambaga, hapana. Wakakamatwa. Jaji akawapa wazazi chaguo: sainini kwamba watoto hawa hawataandamana tena mpaka wafike miaka 21, muende nao nyumbani. Familia nne zikakataa. JoeAnn Anderson, Audrey Nell Edwards, Willie Carl Singleton na Samuel White, wote wakiwa bado watoto kisheria, wakafungwa jela, kisha wakapelekwa shule za kurekebisha tabia. Walitoka Januari 1964. Karibu miezi sita.

Piga hesabu. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, bendera yetu inapanda Nairobi na babu zetu wanalia kwa furaha, hawa watoto wanne walikuwa ndani. Kwa sababu ya hambaga.

Mwaka uliofuata mambo yakachemka. Machi 1964, Mary Peabody, mama wa miaka 72 ambaye mwanawe alikuwa gavana wa Massachusetts, alikamatwa kwa kujaribu kula na watu weusi. Tarehe 11 Juni, Martin Luther King alisimama kwenye ngazi za moteli iliyoitwa Monson, akaomba kuhudumiwa chakula cha mchana. Meneja, James Brock, akamkatalia mbele ya kamera, na King akapelekwa jela. Tarehe 18 Juni vijana weusi na weupe waliruka pamoja kwenye bwawa la kuogelea la Monson, na Brock akamwaga asidi ndani ya maji wakiwa bado wanaogelea. Picha ikazunguka dunia. Siku hiyohiyo, marabi 16 wa Kiyahudi walikamatwa.

Kesho yake, tarehe 19 Juni, Seneti ikapitisha Sheria ya Haki za Kiraia. Tarehe 2 Julai Rais Johnson akatia sahihi. Tangu siku hiyo ikawa kosa nchini kote kumfukuza mtu hotelini ama mkahawani kwa sababu ya rangi yake. Kuna mengi yaliyoisukuma sheria ile, si St. Augustine peke yake, lakini wale watu walikuwa jikoni inapopikwa.

Na hata hapo haikuisha. Brock alipojaribu kutii sheria na kuwahudumia weusi, wabaguzi wakamgeukia, na Julai hiyohiyo wakarushia moteli yake mabomu ya petroli. Kwa hivyo usinipe ile hadithi ya "wenye biashara walikuwa wanafuata tu wateja". Kuna watu waliokuwa tayari kuchoma jiko badala ya kugawana meza.

Mbona hii inaniuma mimi, mtoto wa huku? Nitawaambia kwa nini.

Mwaka jana nilishuka Pwani yetu kurekodi video ya pilau. Nilikuwa nimeweka akiba miezi miwili ili nile mara moja kwenye hoteli moja ya ufuoni, nionyeshe bei na ladha. Nikafika getini na rafiki yangu, tumevaa poa, simu mkononi. Mlinzi akatuzuia.

"Vijana, mnamtafuta nani?"

"Hatutafuti mtu, mkubwa. Tumekuja kula."

"Hapa ni pa wageni."

Tukiwa bado tunajieleza, wazungu wawili wakapita katikati yetu na kaptura zenye mchanga. Hawakuulizwa kitu. Mlinzi akawapigia saluti. Mimi sikumkasirikia sana yule mzee, kwa sababu ni wazi alikuwa anatekeleza alichoambiwa, na alikuwa ananiangalia kwa aibu. Tukaenda kula viazi karai barabarani. Zilikuwa tamu, lakini sikurekodi. Nilikuwa nimeishiwa na sauti.

Sisemi yaliyonipata ni sawa na miezi sita ya jela. Sio sawa hata kidogo. Mimi nilirudi nyumbani. Ninachosema ni kwamba swali la mlinzi ni lile lile la kaunta ya Woolworth: wewe unaweza kufanya kazi hapa, kuleta samaki hapa, kuosha vyombo hapa, lakini kukaa? Na tofauti kubwa ni kwamba wale watoto hawakuwa na sheria upande wao. Mimi ninayo. Ibara ya 27 ya Katiba ya 2010 inakataza ubaguzi, na haikatazi serikali peke yake, inamkataza mtu yeyote. Nilikuwa na Katiba nzima mfukoni, kwenye simu, na bado niligeuka nikaondoka. Wao hawakuwa na kitu na wakakaa.

Najua kuna mtu atasema, "Buda, tulikuja kuona chakula, siasa za nini?" Nakuelewa. Lakini angalia chakula chenyewe. Pilau ya Minorca ni chakula cha watu waliokimbia kazi ya mateso. Samaki wa Fort Mose ni chakula cha watu waliokimbia utumwa. Hambaga ya Woolworth ilipelekea watoto jela. Sijaingiza siasa mahali. Nimeikuta mezani.

Kwa hivyo dadangu, orodha yako ndiyo hii.

Asubuhi anzeni Fort Mose, kabla jua halijawa kali. Kisha mjini, Castillo, mguse ukuta mkumbuke nyumbani. Mchana kuleni kitu chenye datil: supu ya kome, kamba wa kukaanga, na mkipata pilau msiipite. O'Steen's inasifiwa kwa kamba na imekuwepo tangu 1965. Mkitaka meza ya kitambaa na wali wa Kihispania, kuna Columbia, ya familia iliyoanza Tampa mwaka wa 1905 na kufungua tawi St. Augustine 1983. Hapo mjiandae kwa bei.

Jioni tembeeni Lincolnville, mtaa wa watu weusi ulioanzishwa na waliotoka utumwani baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Halafu mpite pale palipokuwa Monson. Jengo lilibomolewa 2003 na sasa kuna hoteli nyingine, lakini zile ngazi alizosimama King ziliachwa. Katikati ya mji, kwenye uwanja wa zamani, kuna sanamu ya watu wa kawaida walioandamana, iliyowekwa 2011. Simameni hapo dakika mbili.

Kisha ingieni mkahawa wowote mnaotaka, wote watano, mchague meza ya dirishani, mkae. Mwagize polepole. Mkiulizwa mnamtafuta nani, mnajua jibu.

Mimi nimeamua kurudi kwenye ile hoteli Desemba hii. Nitaenda na pesa ya sahani moja na Ibara ya 27 kwenye simu, na safari hii nitakaa. Wewe umewahi kuzuiwa mahali pa kula katika nchi yako mwenyewe? Ulifanya nini? Niandikie hapo chini, bila kutaja jina la mahali. Nitasoma zote.