Nani Anakopa kwa Jina la Mkulima wa Korosho?

Mkulima wa Marambo, wilayani Nachingwea, akishapima korosho zake ghalani, hupewa stakabadhi yenye jina lake na uzito wa mzigo. Kuanzia hapo mnadani inasimama AMCOS yake, yaani chama chake cha msingi cha ushirika, chini ya chama kikuu cha RUNALI kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Mbele ya sheria AMCOS hiyo ni mtu kamili: kinamiliki mali, kinaingia mikataba, kinashtaki na kushtakiwa.

Uwezo huo una umri mrefu. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 1932 iliruhusu wakulima kusajili chama chenye dhima yenye ukomo, yaani chama kikifilisika mwanachama hapotezi zaidi ya hisa zake. Shamba na mbuzi wake havimo.

Lakini kilichotolewa na sheria kinaweza kuondolewa. Mwaka 1975 kijiji kilichosajiliwa kilipewa hadhi ya kisheria, na Mei 1976 serikali ikavivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima. Wanachama hawakupiga kura. Korosho zikapitia kijijini kwenda kwa Mamlaka ya Korosho, na mikopo, magari na maghala yaliyojengwa kwa makato ya wakulima yakabadilisha mikono. Naliona hilo kuwa dhuluma kubwa kuliko yote katika historia ya ushirika wetu. Sheria ya 1982 ilirudisha vyama, ila uanachama wa hiari ulisubiri ile ya 1991.

Mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kwenye korosho msimu wa 2007/08, vyama vilikopa benki ili mkulima apate malipo ya kwanza kabla ya mnada. Bei iliposhuka mnadani, deni lilibaki palepale na malipo ya pili yakayeyuka. Aprili 2013, hasira za malipo zililipuka Liwale, nyumba zikachomwa moto.

Mwaka huohuo ilipitishwa Sheria Namba 6 ya Vyama vya Ushirika. Chini yake mkutano mkuu wa wanachama ndio unaoweka ukomo wa madeni, na Mrajis wa Vyama vya Ushirika anauidhinisha. Bodi haina ruhusa ya kukopa kupita hapo.

Kwenye mkutano mkuu, ajenda ya ukomo huo mara nyingi husomwa jua likiwa limekwisha kuwa kali na watu wameanza kuondoka. Ndugu mkulima, usiondoke. Uliza kiwango ni shilingi ngapi, na hakikisha kimeandikwa kwenye muhtasari kabla hujanyoosha mkono.