Miaka 50 ya Ubishi juu ya Saratani na Damu Kuganda

Mwaka 2025 ilitimia miaka 50 tangu Stuart Gordon na wenzake, nchini Marekani, watangaze kwamba uvimbe wa saratani una kimeng'enya chake cha kugandisha damu. Armand Trousseau alikwisha kuufundisha uhusiano wa saratani na kuganda kwa damu jijini Paris mwaka 1865. Na mwaka 1958 O'Meara wa Dublin alichapisha utafiti wake juu ya uwezo wa saratani kugandisha damu.

Ubishi wenyewe ulizuka juu ya kipimo chepesi. Plazma, yaani majimaji ya damu yaliyotengwa na chembe zake, ilipashwa moto hadi nyuzijoto 37, ikatiwa dondoo la uvimbe na kalsiamu, kisha zikahesabiwa sekunde hadi bonge lilipojitokeza. Kwa kawaida protini ya tishu, iliyomo katika utando wa seli, huungana na protini ya damu namba 7 ili kuiamsha namba 10, ambayo huendeleza kuganda. Kwa hiyo dondoo lilipogandisha hata plazma isiyo na namba 7, Gordon alihitimisha kuwa saratani ina njia ya mkato. Wapinzani walijibu kwamba dondoo hilo halikuwa safi, bali lilibeba mabaki ya protini ya tishu na ya namba 7 yenyewe. Mwaka 1981 Gordon alirudi na hoja kwamba kimeng'enya chake huzimwa na kemikali zisizoigusa protini ya tishu, lakini jeni ya protini hiyo ilipobainishwa mwaka 1987, wengi waliegemea upande wa wapinzani wake.

Ubishi huo, basi, ulihusu usafi wa sampuli kuliko ughali wa mitambo, na usafi huo hauishindi Korogwe, mkoani Tanga, Tanzania, ambako watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) walishiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia mwaka 2007. Ni aibu kwamba utafiti huo haujaigusa saratani kwa kiwango hicho, ilhali mgonjwa wa Mazinde, wilayani Korogwe, anayepewa rufaa ya hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, huweza kuvimba mguu kwa bonge la damu akiwa bado njiani, na swali la nani yumo hatarini lingefaa kuulizwa karibu na kwake.